Uso Kwenye Disketi ya Mbaruku

Mbaruku alipofungua studio yake ya picha pale Masuguru, Korogwe, neno lisilomtoka mdomoni lilikuwa utandawazi. Alikuwa na kompyuta ya mtumba, mashine ya kunakili picha, na mafunzo ya wiki chache ya Dar es Salaam aliyoyasimulia kama haji anavyosimulia Maka. Mimi, Hajira, nilikuwa nikishona nguo kwenye kibaraza hichohicho, kwa hiyo majivuno yake niliyala asubuhi na mchana. Debe tupu haliachi kuvuma.

Siku moja ya gulio akaja Nasieku, mwanamke wa Kimaasai kutoka nyika za Handeni, na binti yake mdogo, Siamanta. Ndani ya kitambaa alikuwa na picha ya marehemu mumewe, aliyopigwa na mgeni mmoja mnadani. Moshi wa nyumbani ulishaanza kuila pembeni, lakini uso bado ulionekana vizuri.

"Mtoto huyu alikuwa tumboni baba yake alipofariki," alituambia. "Na kwetu jina la marehemu halitajwi. Akiniuliza baba yake, namwonyesha hii. Sina nyingine. Nataka uifanye kubwa, isipotee."

Mbaruku akaipitisha mashineni, uso ukatokea kwenye kioo. Kompyuta ikamuuliza aihifadhi kwa ubora gani. Najua kwa sababu alitusomea kwa sauti. Mtu yule hafanyi kazi bila kusikilizwa. Akavuta kishale mpaka chini kabisa, na picha akaifanya ndogo kama stempu.

"Mbona unaipunguza, naye anataka kubwa?" nikamuuliza.

"Mama, wewe shona," akasema. "Wenzangu wanajaza disketi kwa watu wawili watatu. Mimi disketi moja naweka wateja wa Korogwe nzima. Nikitaka ukubwa, si naivuta tu?"

Aivute kama nini, chapati?

Wino ulikuwa umekwisha, akamwambia Nasieku aiache picha, arudi gulio lijalo. Nasieku akasita. "Yeyo, mumeo sasa yumo ndani ya kompyuta," Mbaruku akasema, akimwita mama kwa Kimaasai na kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Humo hakuna moshi wala mchwa."

Nasieku akaiacha. Asilolijua, wala mimi sikulijua, ni utaratibu wa bwana yule: picha akishazinakili huzichoma na takataka nyuma ya nyumba, ili mteja akitaka nyingine arudi kwake tu. Hilo ndilo aliloliita soko huria.

Gulio lililofuata Nasieku alirudi amevaa shanga zake za sherehe, na Siamanta amepakwa mafuta anang'aa. Mbaruku akawakabidhi karatasi kubwa. Ilikuwa imejaa viraba vyeusi na vya kahawia, kama mkeka uliosukwa na mlevi. Macho hayakuwapo. Mdomo ulikuwa kiraba kimoja.

"Simameni mbali," Mbaruku akasema. "Picha kubwa haitazamwi karibu."

Nasieku, kwa adabu zake, akarudi nyuma mpaka barabarani. Kutoka kule ni kweli uliona mtu. Angeweza kuwa mtu yeyote. Hata Mbaruku mwenyewe, Mungu atuepushe.

"Nipe ile yangu," Nasieku akasema aliporudi.

Hapo ndipo Mbaruku alipotuambia kwamba ameichoma, huku akifuta vumbi kwenye kompyuta. Akaifungua picha tena, akaivuta, viraba vikanenepa. Akasema kosa ni la disketi. Kisha la umeme. Kisha la picha yenyewe, ati ilikuwa chakavu. Nikamwita mpumbavu mbele ya wateja wake, na mpaka leo sijutii.

Siamanta alikuwa akiizungusha karatasi, juu chini, chini juu. "Yeyo, baba yuko wapi hapa?"

Nasieku akaichukua karatasi, akaiweka mezani kifudifudi. Akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Aliitwa Parsaoti," akasema.

Mbaruku akashika kalamu, akauliza jina hilo linaandikwaje, aliweke chini ya picha bure. Mtoto akalijaribu jina taratibu, mara ya kwanza akalikosea. Mama yake akalisema tena.