Pikipiki Nyekundu ya Maalim Kamaludin

Watu wa Mji wa Kale walikuwa wakisema Maalim Kamaludin ana wake wawili: Bi Mahfudha, aliyemuoa miaka thelathini na mmoja iliyopita, na yule wa pili, mwekundu, mwenye magurudumu mawili na injini ya silinda nne. Maalim akiyasikia hayo hucheka tu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, anasomesha chuo cha Qurani, anaozesha watu, na kila akitoka nyumbani hukunja kanzu yake juu ya suruali, akatia kofia ya kiua mfukoni na helmeti kichwani. Ile haikuwa pikipiki ya bodaboda. Ilikuwa pikipiki ya mbio, ya mtu kuinamia tangi kama anayetafuta shilingi iliyoanguka, na maalim aliipenda waziwazi, bila ya haya.

Na aliitunza, jamani. Wengine hununua chombo kama kile wakakitumia kama punda wa mawe. Yeye oili aliibadilisha kabla ya wakati wake, cheni aliipaka mafuta kila wiki, na magurudumu aliyapima upepo hata akiwa anakwenda Makadara tu kununua mahamri. Kisha kila siku, baada ya sala ya alasiri, aliisukuma mpaka uani, akateka ndoo mbili kisimani, akaiosha kuanzia taa mpaka bomba la moshi. Usafi ni katika imani, alisema, na nani atabishana na maalim juu ya hilo?

Kwa hivyo aibu ilimwingia kweli pikipiki ilipoanza kumuacha njiani.

Mara ya kwanza ilizimika kwenye mzunguko wa Makupa, jua la saa saba, magari nyuma yake yakipiga honi kama za harusi. Akaisukuma pembeni, akangoja, akabonyeza tena, ikawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Mara ya pili ilimzimikia akiwa njiani kwenda kuozesha Kizingo. Bwana harusi alikaa juu ya mkeka saa nzima, wageni wakaimaliza halua yote kabla ya ndoa kufungwa, na maalim akatokea kwa miguu, kanzu imeloa jasho mpaka magotini.

Siku hiyo Bi Mahfudha alimngoja mlangoni.

"Baba Khubaib, nakwambia kwa wema. Ikikuacha njiani mara ya tatu, yenda kwa Mzamil."

Mzamil alikuwa jamaa yao wa Mbaraki aliyeitamani pikipiki ile tangu siku ya kwanza, na kila Ijumaa alimuuliza maalim kama hajaichoka.

"Ntaitengeneza," akasema maalim.

"Itengeneze. Lakini nshasema."

Na Bi Mahfudha akisema, amesema. Watoto wao watatu, watu wazima sasa, waliwahi kujaribu kumgeuza kila mmoja kwa wakati wake, na wote walishindwa.

Maalim akaipeleka kwa Kache. Kache binti Tsofa alikuwa na gereji yake Ganjoni, ya pikipiki kubwa peke yake, na unyenyekevu hakuwa nao hata chembe. Wateja wapya wakimkuta msichana wa Kigiriama ndani ya ovaroli humuuliza fundi yuko wapi. Naye huwajibu, "Unamtazama." Kazi alijifunza kwa babake, aliyetengeneza injini za boti kule Liwatoni, na alilolijua alilijua. Aliifungua pikipiki ya maalim, akabadilisha plagi na filta, akapima betri, akakaza kila kilichohitaji kukazwa, akamrudishia ikinguruma vizuri.

"Maalim, hii haikuachi tena."

Wiki tatu ilikwenda kama alivyosema. Wiki ya nne, asubuhi ya Jumatano, maalim alibonyeza kitufe cha kuwashia pale mlangoni kwake, na pikipiki haikusema a wala be. Akabonyeza tena. Kimya.

Bi Mahfudha alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mara ya tatu," akasema.

"Mlangoni si njiani. Wewe ulisema njiani. Sharti hufuatwa kama lilivyotamkwa."

"Usinitolee fatwa asubuhi hii, Baba Khubaib. Nampigia Mzamil. Kesho magharibi aje aichukue."

Maalim akaingia chumbani, akakaa kitandani, helmeti mapajani. Hakulia, lakini hakuwa mbali na kulia. Kisha akampigia Kache, maana hakujua mwengine wa kumpigia.

"Kwangu ilitoka nzima," akasema Kache. "Ikiwa yaugua, yaugulia kwenu. Kesho nakuja niione inavyoishi."

Alifika Alhamisi baada ya alasiri, sanduku la spana begani. "Shikamoo maalim. Shikamoo mama." Chai akaikataa kwa adabu, akakaa kwenye ngazi ya ua.

"Maalim, nionyeshe unachoifanyia kila siku. Usipunguze, usiongeze."

Maalim alifurahi kuulizwa. Akateka ndoo mbili, akakunja mikono ya kanzu, akaanza. Aliiosha kwa kitambaa laini, akamimina maji kwa kopo chini ya kiti na kila penye uwazi ili mchanga usibaki, na huku akimueleza habari za kisima: kilichimbwa na babu wa babake, hakijakauka hata mwaka mmoja, na mifereji ya bomba ikikatwa mtaa mzima huja kuteka hapa. Maalim alipomaliza, Kache alichovya kidole ndani ya ndoo, akakilamba. Kisha akafungua kiti, akainua tangi, akachomoa soketi ya nyaya za pampu ya mafuta, akaigeuzia jua. Ndani mlikuwa na unga mweupe na kutu ya kijani. Akaigusa kwa ncha ya ulimi.

"Kikulacho ki nguoni mwako, maalim. Chumvi ni ile ile."

"Chumvi gani?"

"Ya kisima chako. Babangu, boti ikirudi Liwatoni, hali chakula mpaka injini ioshwe kwa maji ya mfereji. Wewe waichukua kwangu nzima, kisha waja kuinywesha bahari, ndoo mbili kila siku. Maji yakikauka chumvi yabaki, yala shaba ya nyaya. Siku chumvi ikikolea, umeme haupiti."

Maalim alihisi damu inampanda usoni. Angesemwa yeye, angestahimili. Lakini kisima cha babu!

"Mwanangu, maji haya nayaoga tangu kuzaliwa. Nayatawadhia mara tano kwa siku. Hayana chumvi."

"Onja."

Akaonja. Akasukutua, akaonja tena, macho ameyafumba. Yalikuwa maji tu.

"Hayana kitu," akasema, na wala hakuwa akidanganya.

"Yana," akasema Bi Mahfudha.

Wakageuka wote wawili. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono ameikunja kifuani.

"Yana chumvi, Baba Khubaib. Siku ya pili ya harusi yangu nalisukutua kinywa kwa maji haya, n'kayatema. Kwetu twalizoea ya mfereji."

"Miaka thelathini na mmoja, hukunambia?"

"Nalikuwa bibi harusi. Bibi harusi atukana kisima cha wakweze? Mamako aliniuliza, vipi maji yetu, n'kamwambia matamu. Nshasema matamu, ntarudi nyuma vipi? Baadaye ulimi ukazoea."

Maalim hakujua acheke au ashike tama. Kuna kitu kilimchoma, na hakikuwa kisima.

"Na lipi lingine ulilonyamazia?"

Bi Mahfudha aliitazama ile pikipiki.

"Mimi siichukii. Watu wasema nina wivu nayo, na waseme. Nachukia kukaa hapa nimetega sikio, na mngurumo wake usije. Siku ile ya Kizingo simu yako haikushika. Nalikuwa nshaanza kukusomea Yasini ya maiti, Baba Khubaib."

Kache alikuwa ameinama kwenye nyaya zake, akikata na kuunga, uso wa mtu asiyesikia lolote. Aliisuuza pikipiki nzima kwa madumu mawili ya maji ya mfereji, akakata ncha zote zilizoliwa, akafunga soketi mpya na kuzijaza grisi moja baada ya moja. Ilimchukua saa nzima na ushei. Alipobonyeza kitufe, ua wote ulijaa mngurumo na kuku wa jirani wakatawanyika.

"Imepona," akasema.

"Hata mara ile ulisema hivyo," Bi Mahfudha akamkumbusha.

"Nilisema. Mara ile niliitazama pikipiki, sikumtazama mwenye pikipiki. Kosa ni langu, na sirudii kosa." Akachukua helmeti yake mwenyewe aliyokuja nayo, akamnyoshea Bi Mahfudha. "Mama, usiniamini mimi. Panda."

Bi Mahfudha hakuwahi kuipanda hata siku moja. Aliishika helmeti, akaigeuza, akaivaa juu ya mtandio, akakusanya buibui lake na kupanda nyuma ya mumewe kwa uso wa mtu anayekwenda kukagua nyumba ya kupanga. Wakapita Makadara, wauza mahamri wakaacha biashara kuwatazama, wakashuka mpaka Ganjoni. Maalim alikwenda polepole, sikio lote liko kwenye injini. Haikukohoa hata mara moja.

Karibu na shule moja ya huko, simu ikamlilia maalim mfukoni. Akasimama kando ya barabara, akazima injini, akaipokea. Ni Mzamil.

"Maalim, natoka sasa hivi. Nakuja kuichukua."

Kabla hajajibu, mkono ulitoka nyuma ukamnyang'anya simu.

"Mzamil, usikate," akasema Bi Mahfudha. Akamgusa mumewe begani. "Iwashe."

Injini ilikuwa ya moto, na ikiwa katika hali hiyo ndipo ilipomzimikia Makupa na njia ya Kizingo. Mara zile maalim alikuwa akibonyeza na kuomba. Leo alijua ndani mna nini na kila waya umekaa vipi. Akabonyeza. Ikawaka papo hapo, kwa sauti nene iliyotulia.

Bi Mahfudha aliinama, akaishusha simu mpaka karibu na bomba la moshi, akaiacha hapo kwa muda wa mtu kusoma Fatiha. Kisha akairudisha sikioni.

"Umeisikia, mwanangu?"

"Nimeisikia, mama."

"Basi hiyo haiuzwi."

Akakata, akamtilia mumewe simu mfukoni, akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Haya twende," akamwambia. "Na leo chelewa utakavyo. Nyumbani hakuna anayekungoja."