Babu Chaji

Gari la kampuni liliposimama mbele ya chumba cha baridi cha Kilwa Masoko, neno la kwanza kumfikia Restuta masikioni lilikuwa kosa lake mwenyewe, likipigiwa kelele na mwanamke mwenye ndoo ya pweza kichwani.

"Babu Chaji! Hebu nichajie na mimi, nimeishiwa nguvu!"

Foleni yote ya wauza pweza ikaangua kicheko. Mzee Abilahi, mlinzi wa jengo lile, aliendelea kusukuma maji ya barafu kwa ufagio kama vile aliyeitwa alikuwa mtu mwingine. Restuta akambana kifuani mwanawe Consolata, wa miezi saba, akatamani gari ligeuze hapo hapo lirudi Lindi.

Jina hilo alilizaa yeye, Jumatatu, kwa simu. Kampuni yao ya kununua pweza ilikuwa na ofisi Lindi na mizani Kilwa, na kila upande ulikuwa na ruta yake, kisanduku cha kuunganishia intaneti. Kati ya ruta hizo mbili Restuta, aliyeshughulikia mtandao wa kampuni, alikuwa ametengeneza handaki. Si handaki la kuchimbwa kwa jembe. Ni njia ya faragha ndani ya intaneti ya watu wote, ambamo kilo zilizopimwa Kilwa zilipita mpaka Lindi bila mtu wa kando kuzichungulia. Kilo zikifika, lori la barafu linaondoka. Zisipofika, haliondoki, na za kutajwa kwa mdomo meneja hakuzitaka, maana walishadanganyana sana.

Jumatatu hazikufika. Mwanaima, karani wa mizani, akapiga simu Lindi, na Restuta, badala ya kutazama kazi yake, akatazama mikono ya mwenzake.

"Nipe Babu," alisema. Mwanaima akaiweka simu juu ya mizani, sauti ikiwa wazi, watu wote wakisikia.

"Babu, umechomoa waya tena uchaji simu yako!"

"Sijagusa, mjukuu wangu. Wallahi."

"Mwaka jana si ulichomoa? Mtu mzima na mvi zako, huoni haya?"

Ni kweli mwaka jana alichomoa, mara moja, na aliyekuja kusema alikuwa yeye mwenyewe. Hilo Restuta alilisahau kwa makusudi. Siku nne barafu haikuja. Mapipa mawili ya pweza yakaoza, yakafukiwa nyuma ya jengo, na harufu bado ilikuwa haijaenda mbali. Restuta akaandika ripoti: chanzo, mlinzi kuchezea waya. Bwana Yassin, meneja, akaandika barua ya kumwachisha mzee kazi, akaikunja kwenye mfuko wa shati, na alfajiri ya Ijumaa wakaondoka Lindi pamoja.

"Shikamoo, Babu," alisema Restuta.

"Marahaba, fundi."

Fundi! Tangu siku ile Restuta alipomwelekeza kwa simu namna ya kuzima ruta na kuiwasha, mzee hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita mke wangu, kama babu yeyote anavyomtania mjukuu. "Mke wangu wa Lindi, utakuja lini kunipikia?" Naye humjibu, "Nikupikie nini, na meno yote umeshayazika?" Wanacheka, ndipo kazi inaanza. Kwao Restuta, huko Newala, mtu hujua amekosa si babu anapomgombeza, bali anapoacha kumtania. Anayetaniwa ni wa nyumbani. Fundi ni mgeni aliyekuja kurekebisha kitu.

Akaingia kwenye kichumba cha ruta, akatandika khanga sakafuni, akamlaza mtoto. Consolata hakutaka hata kusikia. Alilia kilio kile cha safari ndefu, na kila Restuta alipogusa kompyuta, kilio kikapanda. Mlango ukafunguka kidogo. Mzee Abilahi alisimama pale, mikono ameinyoosha.

"Lete mtoto," alisema. "Mtoto hajaandika ripoti."

Restuta alimpa bila kuinua macho. Masikio yalimwaka moto.

Sasa akabaki na ruta. Waya ulikuwa mahali pake, umekaza, una vumbi juu yake. Vumbi la wiki nyingi ambalo kidole cha mtu hakijaligusa. Akaitazama taa ya handaki. Ikawaka kijani. Akahesabu: moja, mbili, mpaka kumi. Ikazimika. Ikakaa, ikawaka tena. Kumi, ikazimika. Waya uliochomolewa hauna mwendo huo. Waya uliochomolewa umekufa, basi. Huu ulikuwa ukipumua.

Akafungua kumbukumbu za ruta. Zilirudia mistari ile ile kama kasuku: handaki limefunguka, njia zimesomwa, handaki limeanguka. Akaenda kwenye orodha ya njia zenyewe, na hapo akauona mstari mmoja: kila kinachokwenda Lindi kipite handakini. Kila kitu. Hata safari ya kuitafuta ruta ya Lindi yenyewe, ambayo ndiyo mdomo wa handaki. Handaki likifunguka tu, ruta ya Kilwa inautafuta mdomo wake humo humo ndani, inaukosa, inafunga. Ni sawa na mtu aliyefunga nyumba akaacha ufunguo ndani, halafu anawaambia watu wapite mlangoni wakaulete.

Pembeni ya mstari palikuwa na siku na saa. Jumamosi, saa tano na dakika kumi. Na jina: restuta.

Aliikumbuka Jumamosi ile. Alikuwa ofisini Lindi, mtoto kwenye titi, mkono mmoja kwenye kibodi. Akabadili njia za ruta ya Kilwa kwa mbali, akahifadhi, akafunga ofisi, kujaribu akaacha mpaka Jumatatu. Mwalimu wao wa masomo ya jioni alikuwa akiimba kila kipindi: anayebadili ndiye anayejaribu. Waliitikia wote, na yeye kwa sauti kuliko wote.

Akaandika mstari mmoja tu: safari ya kuitafuta ruta ya Lindi ipite nje, njia ya kawaida. Taa ikawaka. Kumi. Ishirini. Sitini. Haikuzimika.

"Lindi wamepokea!" Mwanaima alipiga yowe kutoka kwenye mizani. "Zote zimekwenda!"

Bwana Yassin akachungulia, mkono kwenye mfuko wa shati. "Waya, eeh? Nilijua. Mwite mzee aje achukue barua yake."

Angeweza kunyamaza. Kumbukumbu zile hakuna mwingine hapo aliyejua kuzisoma. Kuzifuta ni kubonyeza mara mbili. Miezi yake ya majaribio ilikuwa haijaisha, na kazi hii ndiyo iliyofanya mama yake aache kumwambia kwamba masomo ya jioni ni ya wasio na watoto. Nje, mtu alikuwa akidhihaki, "Babu Chaji, leo umekuwa yaya?" Mzee alikuwa akimpepea Consolata kwa kofia yake.

"Si waya, Bwana Yassin," alisema. "Naomba nikasemee pale nilipomsemea yeye."

Akatoka mpaka kwenye mizani.

"Jamani, nisikilizeni. Mimi ndiye niliyepiga simu Jumatatu. Babu hakugusa kitu. Niliyeharibu ni mimi, Jumamosi, kwa mkono wangu, nikamsingizia. Babu, naomba radhi."

Mwanamke wa ndoo akapiga makofi. "Kumbe chaji ni ya mama mtoto! Mama Chaji!"

"Mama Chaji!" wakaitikia, wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Restuta alisimama akaliacha jina limkae.

Mzee Abilahi alimhamishia mtoto bega la pili. "Nimesikia," alisema.

Bwana Yassin aliitoa barua, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Hii ina jina la mtu mwingine. Ripoti utaiandika upya, na tutazungumza Lindi, Restuta. Tutazungumza sana."

"Sawa, Bwana Yassin."

Wakati wa kuondoka, mzee alimleta Consolata dirishani pa gari, amelala, mkono umeshika kanzu.

"Mke wangu," alisema taratibu, "safari njema."

Restuta akainua uso haraka. Lakini mzee hakuwa akimtazama yeye.

"Nasema na huyu," akasema, akikitoa kidole kimoja kimoja cha mtoto kwenye kanzu yake. "Mama yake bado namfikiria."

"Nifikirie hata mwaka, Babu," alisema Restuta, akimpokea mtoto.

Mzee akagonga bati la gari mara mbili, liende. Nyuma yao mtu alikuwa bado akiita, "Mama Chaji! Rudi na barafu!"