Boneti ya Mama Mkwe

Sipendi kutoboa bati zima. Watu hudhani kazi ya bodi za magari ni kugonga na kukata, kumbe nusu ya kazi ni kujizuia. Kwa hiyo mama mkwe aliposimamisha pikapu yake mlangoni mwa gereji yangu na kusema anataka boneti itobolewe matundu, nilimwomba, kwa adabu yote niliyonayo, ambayo si nyingi, aniache nitazame kwanza.

"Utazame nini?" aliniuliza. "Linachemka mlimani kila wiki. Shemeji zako wameshasema, likichemka tena linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mimi nikae nyumbani nitazame ukuta."

Shemeji zangu hawana utani. Na pikapu ile ndiyo kazi ya mama yao: hupakia miche ya miti kutoka kwenye kitalu chake nyuma ya nyumba na kuwapelekea wateja juu mlimani. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitatu. Kumnyang'anya ufunguo kungekuwa sawa na kumwambia amekwisha.

Mimi nami nilikuwa na langu moyoni. Katika miaka kumi na minne ya ndoa yetu, mama mkwe hakuwahi kuniletea hata taa ya nyuma. Alikwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, kisa na maana siku niliyokuja kuposa nilivaa shati lenye doa la rangi. Mke wangu hucheka kila akikumbuka. Mimi sicheki. Siku hiyo alipokuja kwangu mwenyewe, hata angetaka nitoboe paa ningetoboa.

Nilimwita jirani yangu, fundi injini tunayemwita Daktari. Alikagua rejeta, feni, pampu ya maji, mipira yote. Akasikiliza injini huku amefumba macho, akapangusa mikono.

"Haina ugonjwa," alisema. "Basi tu, joto linakosa pa kutokea."

Ikawa ni matundu kweli. Lakini aliyenifunza kazi alinikataza kutoboa boneti kwa kukisia. Unachukua vipande vya uzi wa sufu, urefu wa kidole, unavibandika kwa utepe juu ya boneti, safu kwa safu. Gari linaendeshwa, wewe unatazama. Uzi ukilala, hapo upepo unakandamiza. Uzi ukiinuka na kuchezacheza, hapo hewa inataka kutoka, ndipo pa kukata. Mke wangu alinipa uzi mwekundu uliobaki kwenye sweta la mtoto. Mama mkwe akashika usukani, nami nikakaa kando yake na daftari.

Tulipanda mlima kwa gia ya kwanza, mwanzo hadi mwisho. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yake kwa mkono alitupita, akatuamkia, akaendelea na safari zake. Nyuzi zilikuwa zimelala ovyo vilevile nilivyozibandika.

"Zinasemaje?" mama mkwe aliuliza.

"Hazisemi kitu, mama. Ongeza mwendo kidogo."

"Nikiongeza litachemka."

Likachemka hivyohivyo, kwenye kona ya tatu. Tulikaa kando ya barabara tukisubiri lipoe, nikamwapia kwamba safari hiyo haihesabiki, ilikuwa ya kupimia tu, na shemeji hawatasikia neno kutoka kwangu. Moyoni nilimsifu. Nilisema, huyu mama analionea gari huruma kuliko madereva wote ninaowajua.

Kwa mwendo ule upepo haukuwa na msaada wowote. Nikaamua kutegemea joto lenyewe, maana joto hupanda juu hata gari likiwa limesimama. Nilichora boneti kwa chaki, sehemu iliyo nyuma ya rejeta na juu ya mabomba ya moshi, panapoiva kuliko pote. Mpaka rangi wetu, mtu mwenye ushauri kwa kila jambo lisilomhusu, alisimama pembeni akisisitiza midomo ya matundu itazame mbele ili imeze upepo. Nilimwambia boneti haina njaa. Tunataka hewa ya moto itoke, kwa hiyo midomo itatazama nyuma. Alininunia hadi saa ya chakula.

Kazi ilichukua siku mbili. Nilikata matundu sita kila upande, nikapiga msasa kingo mpaka zikawa laini, nikakunja vipande vya bati na kuvifunga kwa riveti, na chini yake nikaweka kisahani cha kupeleka maji ya mvua mbali na nyaya. Nyuzi nilizibandua mwenyewe, moja moja, nikafuta gundi kwa petroli. Mpaka rangi akarudisha buluu ileile ya zamani, na lazima nikubali aliipatia.

Siku ya tatu tulipakia miche themanini. Shemeji mkubwa alitangulia kwa pikipiki, akaenda kungoja juu kama msimamizi wa mtihani. Mama mkwe aliendesha kwa mwendo wake uleule wa kobe, na mimi macho yangu hayakutoka kwenye mshale wa joto. Kona ya tatu tuliipita. Mshale ulipanda hadi katikati, ukakaa hapo, na hewa ya moto nikaiona ikitetemeka juu ya matundu yangu. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Tulipofika juu, shemeji aliinama dirishani, akatazama mshale, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Basi, mama," alisema. "Gari ni lako. Hatutakusumbua tena."

Akawasha pikipiki akaondoka. Tulishusha miche, tukarudi garini. Mama mkwe alikaa kidogo kabla ya kuwasha.

"Una mkono, mwanangu," alisema. "Nilikudharau bure."

Miaka kumi na minne niliingoja sentensi hiyo. Nilikuwa natafuta jibu la unyenyekevu alipoongeza, "Na zile nyuzi zako leo zimecheza vizuri. Nilikuwa naziona njia nzima, nyekundu, zimesimama zote."

Nilitazama boneti. Ilikuwa buluu tupu.

Hapo yote yakajipanga kichwani: gia ya kwanza, mzee wa baiskeli, injini isiyo na ugonjwa. Gari lilikuwa likichemka kwa sababu lilitambaa, na lilitambaa kwa sababu dereva hakuiona barabara. Kuchemka ndicho kitu pekee kilichokuwa kikimsimamisha, na mimi, kwa mikono yangu na maringo yangu, nilikuwa nimekiondoa. Nilijikasirikia. Ningeweza kunyamaza. Nakiri kwamba nilifikiria kunyamaza, maana sifa ile ilikuwa bado ya moto.

"Mama," nilisema, "nyuzi nilizitoa juzi."

Alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu mvua za mwaka juzi. Kwanza jicho moja." Sauti yake haikubadilika. "Barabara naijua. Kona nazihesabu."

"Na watu, mama? Unawahesabuje?"

Kuku alivuka mbele yetu, akarudi, akavuka tena, na sidhani kama mama mkwe alimwona. Kisha akafungua mlango, akashuka, akaizunguka pikapu mkono wake ukipapasa bati, akasimama upande wangu akingoja nimpishe.

"Nitawaambia wanangu mwenyewe," alisema. "Usinitangulie."

"Sitakutangulia, mama."

Nilishika usukani. Tukateremka kwa gia ya pili, na penye nyumba nyingi watu walianza kuinua mikono, maana pikapu ile kila mtu anaijua.

"Huwa wananipungia?" aliuliza ghafla.

"Wanakupungia, mama. Wengi."

"Na mimi nawapita hivihivi. Wanasema nimekuwa na kiburi." Alipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Basi niambie akitokea mtu."

Nilimwambia mtu yupo, nikasahau kumtajia upande. Kulikuwa na mwanamke ameketi barazani mkono wa kulia, mkono juu, anatabasamu. Mama mkwe aliinua wake, akaupunga kwa furaha upande wa kushoto, kwenye ukuta mtupu. Nikapunguza mwendo nikapiga honi, ili yule wa kulia ajue kwamba salamu ilikuwa yake.