Upande Unaotazama Malanja

Simu yangu ilikuwa inakaa ndani ya kikombe cha bati, kwenye dirisha la jikoni, upande wa kushoto, imeegemea ukingo kama mgonjwa aliyewekewa mto. Ukiihamishia kulia, mtandao unakata. Ukiitoa ukaishika mkononi, vile vistari vinapungua mpaka kinabaki kimoja, nacho kinapepesa. Basi aliyenipigia aliongea nami nikiwa nimeinama, shingo nimeikunja, sikio limezama kikombeni, na majirani wa Ganako wakipita njiani walicheka: "Bibi Lusia anaongea na chai yake!"

Mchana ule wa Julai, mwaka 2004, niliinama hivyo hivyo. Ukungu ulikuwa umeshateremka kutoka msitu wa Ngorongoro, ukalala juu ya mashamba ya ngano, na migomba ya jirani ilionekana kama watu waliojifunika shuka. Aliyepiga alikuwa binti yangu Laurencia, mwalimu huko Olbalbal, ng'ambo ya kreta. Kliniki walikuwa wamemwambia mtoto amelala kwa ubavu tumboni, aje Karatu mapema akae kwangu, siku zikifika apasuliwe. Uchungu haukungoja. Mumewe, Koinet, alikuwa Enguserosambu akichanja ng'ombe, mahali ambapo simu ilikuwa saa ya mkononi tu. Ndipo Lembris, rafiki wa Koinet, akampakia Laurencia kwenye Landrova ya chanjo, wakaanza safari.

"Mama, tuko Vyupointi," aliniambia. Vyupointi ni pale juu ya ukingo, magari ya watalii yanaposimama watu wapige picha za kreta. "Tunaanza kushuka. Andaa kanga zangu."

"Uchungu unakujaje?"

"Unakuja unaondoka. Mama, kaa chini sasa, upumzike."

Nilicheka peke yangu. Kaa chini! Nikazikunja kanga, nikazikunjua, nikazikunja tena kwa namna nyingine.

Sijui ulipita muda gani, ila viazi vilikuwa bado havijaiva simu ilipolia tena. Safari hii sauti ilikuja vipande vipande. "Mama... gari limeserereka... Lembris mkono... mimi natoka da..." Halafu kimya. Nikapiga. Yule dada wa kwenye mtambo, mwenye sauti ya upole isiyomjali mtu, akaniambia namba ninayopiga haipatikani.

Nilipiga hospitali. Gari la wagonjwa liliendeshwa na Joel, kijana kutoka kata ya Daa niliyemfundisha katekisimu, na kila akiniona aliniita Aayo, yaani mama kwa Kiiraqw chetu.

"Wako wapi, Aayo? Niambie vizuri."

"Kati ya Vyupointi na lango la Lodoare. Kwenye zile kona za msituni. Walikuwa wanashuka."

"Una hakika?"

"Ameniambia mwenyewe kwa mdomo wake!"

Wakapanda, Joel na muuguzi mmoja. Langoni wakachukua askari wawili wa hifadhi, wakaanza kukagua kona moja baada ya nyingine. Mtu asiyezijua kona zile asidhani ni kazi ndogo. Upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili miti inashuka korongoni, kilele cha mti kikiwa usawa wa magurudumu. Gari likiingia humo, matawi yanafunguka, yanafunga, na njia inabaki kama hakikupita kitu. Na ukungu wa Julai kule juu, dereva hutoa kichwa dirishani aone bonde liko wapi.

Mimi nilibaki na kikombe changu. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nilimfungua mbuzi nikamfunga mahali pengine, nikamrudisha pale pale. Nilisali, lakini sala yenyewe nilikuwa naisema nikitembea, nikifika kwenye amina nimeshasahau nilianza na nini. Ndeshi, mke wa mpangaji wangu, alinifuata nyuma na kigoda mkononi.

"Bibi, keti hata kidogo. Utachimba mtaro hapo uwanjani."

"Kiache hapo. Nitakaa."

"Umesema hivyo tangu kule bandani."

Joel akapiga. "Aayo, tumefika Vyupointi, tumeshuka, tumepanda tena. Hakuna alama ya breki, hakuna tawi lililovunjika. Askari wanataka kuteremka korongoni kwa kamba. Giza likiingia kabla hatujawapata, tutakuwa tunapapasa tu."

"Teremkeni," nikamwambia. "Wako humo."

Nilipoinua kichwa nikamwona Eliapenda, mume wa Ndeshi, amesimama mlangoni na viatu vya matope. Mtu wa Machame, mrefu, mpole, kazi yake kupanda minara ya simu na kutengeneza mitambo yake. Mkewe alikuwa ameshamsimulia yote.

"Mama, nipe namba ya Laurencia," alisema. "Na unitajie alipiga lini mara ya mwisho, hata kwa kukisia."

Akakiinamia kikombe, akampigia mwenzake Obed, anayekaa na mashine za kampuni yao Arusha. Nilisikia wakibishana. Obed alisema habari za mteja hazitolewi hivi hivi. Eliapenda akamjibu, "Obed, huyu mteja anatoka damu. Kamwite bosi wako umwambie hivyo hivyo." Tukangoja. Ndeshi alikiweka kigoda chini, akakikalia mwenyewe.

Jibu liliporudi, Eliapenda hakuniangalia usoni mara moja. Alichukua viazi vitatu vilivyopoa, akaviweka mezani vikipeana migongo.

"Mama, mnara una nyuso tatu. Kila uso unasikiliza upande wake. Mnara ulio kule ukingoni, uso mmoja unatazama Vyupointi na msitu, mwingine unatazama ndani ya kreta, na huu," akagusa kiazi cha tatu, "unatazama magharibi, kule Malanja. Simu ya Laurencia ilipokelewa na huu. Zote mbili, ile ya kwanza na ile ya pili."

Malanja ni lile bonde pana la majani, gari likitoka Olbalbal linalipita kabla halijaanza kuufuata ukingo kuja Vyupointi.

"Tena mashine hupima sauti imechukua muda gani kufika mnarani," aliendelea. "Haijui mahali penyewe. Inajua mbali au karibu. Obed anasema hii ilitoka mbali."

Hilo nililielewa kuliko alivyodhani. Tukiwa wasichana tulikuwa tukiita kutoka upande mmoja wa korongo, na kwa jinsi mwangwi ulivyochelewa tukajua ukuta wa pili uko umbali gani. Kuelewa nilielewa. Kukubali ndiko kulikonishinda.

"Mwanangu aliniambia Vyupointi," nilisema. "Wewe unaniambia mnara. Mnara umemzaa?"

"Hapana, Mama."

"Na hiyo mashine haikosei?"

"Inakosea. Kwenye milima sauti hugonga mahali ikarudi. Siwezi kukuapia." Akavua kofia. "Lakini gari la wagonjwa ni moja, na Joel anakusikiliza wewe. Mimi nikimpigia ataniuliza, huyu ni nani?"

Ndeshi akasema polepole, kama mtu anayeweka sufuria ya moto, "Bibi, si unamjua Laurencia? Krismasi alituambia yuko Lodoare. Ugali wako ulikauka mpaka ukaupa mbwa."

"Nyamaza, Ndeshi."

"Nimenyamaza. Na Pasaka je?"

Nilitoka nje. Ukungu ulikuwa umefika kwenye ua. Nilitembea hadi kwenye mti wa mwisho wa kahawa nikarudi, nikatembea tena. Ni kweli, Laurencia hakuwahi kufika mahali kabla ya kusema amefika. Tangu simu ziingie Karatu wengi walikuwa hivyo: mtu anavaa viatu nyumbani anasema yuko njiani, aliye njiani anasema yuko mlangoni. Ilikuwa adabu tu, ya kumtuliza anayengoja, na hakuna aliyeihesabu kuwa uongo. Lakini wengine walifanya kwa uvivu. Mwanangu alifanya kwa sababu ananijua. Anajua mama yake haketi. Anajua nikiambiwa "bado tuko mbali", nitakwenda barabarani na kurudi mpaka kisigino kipasuke. Katikati ya uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni, akashika simu akanisogezea safari yake karibu, ili nipumzike.

Na mimi ndiye niliyemwapia Joel.

Kama nikisema wapande kwenda Malanja, na kumbe Laurencia yuko kwenye lile korongo la msituni, matawi yamefunga juu yake, nitakuwa nimemwondolea watu waliokuwa wanamkaribia. Nikinyamaza, na mnara unasema kweli, watu watashushwa kwa kamba kumtafuta mahali ambapo hakufika. Nilisimama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza siku ile miguu yangu ilisimama bila kuambiwa.

Nikaingia ndani, nikainamia kikombe.

"Joel, watoe watu wako korongoni."

"Aayo, kamba tumeshaifunga."

"Ifungueni. Laurencia alinidanganya." Neno lile lilitoka kwa shida, mbele ya mpangaji wangu na mkewe, na najua askari wale walikuwa wakisikia. "Alisema Vyupointi, hakuwa Vyupointi. Nendeni Malanja, mnara wa simu unasema alipigia huko. Fuateni njia ya Olbalbal, mtazame mitaroni."

Joel akauliza, si kwa kejeli, "Sasa nimwamini nani, Aayo? Aayo wa mwanzo au huyu wa sasa?"

"Huyu. Yule wa mwanzo alikuwa anasema aliyoambiwa. Huyu anamjua mtoto wake."

Nikasikia mlango wa gari ukifungwa.

Kuanzia hapo sikumbuki nilichofanya kwa mfuatano. Najua niliosha vyombo visafi. Najua Eliapenda alikwenda akarudi na waya, akautundika dirishani, akidai utavuta mtandao vizuri zaidi, na sidhani ulivuta chochote, ila alihitaji kufanya kitu. Ndeshi alinipikia uji, nikaunywa nimesimama.

Joel akapiga. "Aayo, tumeliona gari! Mtaroni, limelala ubavu, pale bonde linapoanza. Mnara umesema kweli."

"Laurencia?"

"Gari halina mtu."

Eliapenda alikuwa amesikia. Alifumba macho. Mashine yake ilikuwa imetufikisha hapo, na hapo ikaishia.

"Kuna damu kwenye kiti," Joel alisema, "na majani yamelala, kama watu wengi wamepita. Kuna boma kule chini. Naona moshi, au ni ukungu, sijui. Tunashuka na machela. Kule chini simu haitashika, usini..."

Ikakata.

Nje, rangi ya ukungu ilikuwa inageuka kutoka nyeupe kuwa majivu. Mbuzi alilia, hakuna aliyemfungua. Ndeshi aliacha kunisihi niketi, akasimama na yeye kando yangu, bega kwa bega, tukikitazama kile kikombe cha bati kana kwamba maji yangechemka ndani yake.

Kilipotetemeka nilichelewa kuinama. Eliapenda akanisukuma kichwa taratibu.

"Mama."

Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelia akamaliza. Nyuma yake injini ilikuwa ikinguruma.

"Laurencia! Umejifungua?"

"Bado. Wamama wa boma walinibeba kwenye ngozi. Mmoja anaitwa Naserian, tumekuja naye, amenishika tumbo tangu mchana, hataki kuniachia. Damu imepungua. Muuguzi anasema mtoto bado anacheza." Akavuta pumzi, ikamkatika katikati, nikangoja nayo mpaka ikapita. "Lembris yuko mbele, mkono umefungwa. Anatukana Landrova."

"Mko wapi?"

Nilijua anapima aniambie kweli au anisogezee tena safari. Nikasikia dereva akibadili gia, mwanamke akisema neno la Kimaasai kwa upole, jiwe likigonga chini ya gari.

"Mbali, Mama," Laurencia alisema. "Bado tuko mbali sana. Ndiyo kwanza tumetoka bondeni."

Kisha mtandao ukamchukua.

Nilinyoosha shingo. Kiuno kilikuwa kinawaka, na upande mmoja wa uso wangu ulikuwa na alama ya duara ya kikombe. Ndeshi alikuwa amejishika kifua.

"Wamefika wapi?"

"Mbali," nilimwambia.

Akanitazama usoni, asijue anipe pole au hongera.