Wanaoruhusiwa Kufuatana Naye

Nesi alikwenda ofisi ya mshauri wa safari na watoto wake wote wawili, nguo zimepigwa pasi kama wanakwenda harusini. Bonge, wa miaka sita, alikaa mapajani. Kinanda, aliyepewa jina hilo kwa kulia kutwa kucha alipokuwa mchanga, alikuwa sasa msichana mrefu, akasimama nyuma ya kiti cha mama yake.

Mshauri alikuwa kijana mpole. Aliigeuza feni iwapulizie watoto, kisha akaeleza polepole. Nyumba ya kutunzia wazee huko ng'ambo ilikuwa imempa Nesi kazi na imekubali kumdhamini. Maana yake, viza imefungwa kwa mwajiri huyo: akiacha kazi au akifukuzwa, atafute upesi mdhamini mwingine, la sivyo arudi. Cheti cha udhamini nacho kina mwisho wake. Kikipitwa na wakati, safari imekufa. Nesi aliitikia kwa kichwa. Hayo alikuwa tayari kuyabeba. Mumewe hakuwa na kazi tangu kiwanda kifungwe, na huku wodini mshahara ulikuja ulipopenda.

Ndipo mshauri akaomba vyeti vya kuzaliwa. Cha Kinanda kilikuwa na jina la mama mwingine.

"Ni wa marehemu dada yangu," alisema Nesi. "Lakini ni mwanangu. Nimemchukua hajaota jino."

Mshauri aliuliza kama ipo amri ya mahakama. Nesi akacheka kidogo kwa mshangao. Nani aende mahakamani kudai damu yake mwenyewe? Siku ya msiba shangazi zake walimtia mtoto mikononi, wakamwambia haya mama, huyu wako, na maneno yakaishia hapo.

Kijana alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Alisema mahakama itachukua mwaka na zaidi, na cheti cha udhamini hakitangoja. Na akidai kuwa amemzaa, watu wa viza wakagundua, ataitwa mwongo na mlango utafungwa kwa wote.

"Wao wanamjua mtoto wa kuzaa au wa karatasi," alisema. "Nisamehe, dada. Ningekuwa na njia ningekupa."

Nyumbani, mumewe aliposikia hakusema twende wala tukae. Alimvua mkewe viatu, akakaa kando yake kitandani. Baadaye akasema labda Kinanda akae kwa wifi yake Nesi, wao watangulie, wafuatilie mahakama kwa mbali. Alisema kwa upole, huku akiitazama sakafu, na wote wawili walijua kwamba mambo ya mbali hufuatiliwa mpaka watu wakachoka.

Kinanda akasimama mlangoni, mikono ina majimaji ya jikoni.

"Mama mdogo, chakula tayari."

Tangu ajue kusema hakuwahi kumwita hivyo. Nesi akamuuliza, umeniitaje?

"Najizoesha," alisema mtoto. "Wakinipigia simu kuniuliza, nisije nikakosea ukaitwa mwongo."

Bonge alicheka, akasema dada kachanganyikiwa. Kinanda akamfinya shavu, akamwambia anyamaze, yeye tumbo lake litaizidishia ndege uzito ishindwe kuruka. Bonge akazidi kucheka. Watu wazima hawakucheka.

Siku chache baadaye Nesi alirudi ofisini peke yake. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kukataa, na yalikuwa maneno mazuri. Lakini alipokaa akamkumbuka mumewe anavyoamka alfajiri, anavaa shati la kazi, kisha anakaa nalo tu sebuleni. Akamkumbuka Bonge. Akasikia mdomo wake ukitaja wa kufuatana naye: mume, na mtoto mmoja.

Mshauri hakumuuliza mara ya pili. Aliandika, akamwonyesha pa kutia sahihi, akafunga pazia la dirisha linaloelekea kwenye foleni. Kisha akatoka nje, akawaomba waliokuwa wakingoja wavumilie kidogo, chumba bado kina mtu.