Mtoto Anayetembea Hachangiwi

Ko. Ko-ko. Alfajiri giza bado halijaondoka, chuma kiligonga ukuta, kikagonga tena. Ni binti wa fundi cherehani anageuka kitandani na viatu vyake vya kulalia, viwili vilivyounganishwa kwa ufito wa chuma ili nyayo zisirudi kupinda kama alivyozaliwa. Mchana huvivua, na hapo hakamatiki. Bibi yake amembandika jina la Kiguu-na-Njia, maana hata uji huunywa akitembea.

Siku nyingine sauti ile humbembeleza mama mtu, yaani fundi mwenyewe. Leo ilimchoma, kwa sababu ya simu aliyosukumiwa jana na wifi yake.

"Wifi, kumbe umefuga ombaomba humu ndani na hutuambii?"

Kwenye simu alikuwa Kiguu-na-Njia wa miaka mitatu iliyopita, akitambaa kwenye sakafu ya zahanati, nyayo zimetazamana. Lakini maneno ya chini yalikuwa ya wiki hii: *Hadi leo hawezi kusimama. Mama yake hana mbele wala nyuma. Gusa hapa umsaidie.* Ni ukurasa wa shirika lile lile linalomtibu.

"Watu wamelia humo," wifi alisema. "Hata mwalimu wake wa chekechea kaweka moyo uliopasuka."

"Mwalimu huyu anayemkimbiza uwanjani kila siku?"

"Huyo huyo. Labda humkimbiza huku analia."

Wifi alicheka peke yake.

Kulipokucha, fundi alimshika mtoto mkono wakaenda. Hata hivyo ilikuwa siku ya kuchukua viatu vikubwa zaidi, vya zamani vimeanza kubana vidole. Ofisi ya shirika ni vyumba viwili juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi hupanda mpaka kooni. Dada wa mawasiliano alikuwa kati ya maboksi, simu yake imesimamishwa kwenye stendi kama mgeni rasmi.

"Karibu, mama yetu."

"Itoe ile video."

"Ipi tena, mama?"

"Ya mwanangu anatambaa. Nilikubali mumpige picha ili daktari aone maendeleo yake. Kuombea pesa sikukubali."

Dada alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomzidishia fundi hasira, kwa kuwa mtu mbaya ungemtukana ukaondoka zako. "Mama, ile ndiyo inayotuweka mjini. Hivi viatu," akagonga boksi lililokuwa mezani, "vimetoka humo. Nikiifuta, akina mama wakija mwezi ujao niwape nini? Pole?"

Fundi alilitazama boksi. Alijua vizuri, bila viatu vile nyayo hurudi taratibu, usiku kwa usiku, mpaka umwanze mtoto upya na plasta ngumu za kunyoosha miguu.

"Sijasema mfunge ukurasa. Mimi mwenyewe niliwajua huko huko. Mama mmoja aliweka picha ya mwanawe amesimama mlangoni, akaandika: miguu hii hutibika. Nikaja mbio, mtoto mgongoni. Weka na wangu amesimama. Andika mama yake ana cherehani na jioni anasoma. Ndiyo kweli yenyewe."

"Picha ya namna hiyo huleta wagonjwa, haileti wachangiaji. Nimejaribu, mama yangu. Mtoto anayetembea hachangiwi."

"Kwa hiyo mnaomba apone, au mnaomba asipone?"

Nyuma yao Kiguu-na-Njia alipanda boksi, akaruka, akapanda jingine.

"Sawa, tusigombane," dada alisema mwishowe, akiigeuza stendi. "Turuke mubashara sasa hivi, watu waone kapona. Nitaifuta ya zamani, naahidi. Ila aanze chini, kama kwenye ile ya zamani, halafu anyanyuke polepole. Wanapenda kulia kwanza."

"Hataanza chini."

"Dakika tu, mama. Viatu unavitaka, basi usinikatalie."

Lo! Fundi alihisi masikio yanawaka. Maneno yalimjaa, ya darasani na ya uchochoroni, yakasukumana mlangoni mwa kinywa na hakuna lililopita. Mkono wake ulikuwa juu ya boksi. Hakuuondoa, na alijichukia kwa kutouondoa.

Dada alishagusa kioo. Sauti yake ikalainika kama mafuta. "Wapendwa wetu, habari za asubuhi. Mnamkumbuka malaika wetu asiyeweza kusimama? Leo yupo nasi. Mpenzi, njoo. Kaa hapa chini, watu wakuone."

Kiguu-na-Njia aliteremka kwenye boksi, akatembea hadi mbele ya simu, akasimama wima katikati ya picha. Aliinama akaikagua ile sakafu yenye vumbi na matone ya rangi, kisha akamwinulia dada uso.

"Mimi sikai hapo, pachafu."