Kiganja cha Massoudi

Kila alfajiri, kabla muadhini wa Buyenzi hajakohoa kwenye kipaza sauti, Fatouma alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya fonteni ya mumewe, mkono wa gauni umekunjwa, mkono wenyewe umezama majini mpaka juu ya kiwiko. Chini kabisa, kwenye saruji, palikuwa na alama ya kiganja. Massoudi aliigandamiza siku aliyomaliza kujenga, akacheka, akasema hata fundi wa magari ana haki ya kutia sahihi. Fatouma aliweka kiganja chake juu ya kile, kidole juu ya kidole, akaomba, "Ee Mola, popote alipo, mfunike." Ndipo alipochukua udhu na kwenda kusali.

Fonteni ilikuwa birika la duara mbele ya gereji, limepambwa vipande vya sahani zilizovunjika na vigae vya buluu. Katikati lilisimama bomba la shaba lililotolewa kwenye lori bovu, likirusha maji yaliyoshuka kutoka kwenye pipa la darini. Massoudi alilijenga kuwa sadaka ya marehemu mama yake: mpita njia anawe uso, njiwa wanywe, thawabu zimfikie mama kaburini. Kwa kuwa mifereji ya mtaa ilikuwa na tabia ya kukauka, alichimba kina cha paja la mtu mzima, maji yawe ya akiba.

Kisha akavuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira kutafuta giaboksi ya lori la mteja.

"Maji yasikauke," alisema akiwa mlangoni. "Nitarudi na vumbi la njia nzima. Nataka kunawa pale kwanza, ndipo unipokee."

Wiki ile ile vita vikalipuka ng'ambo, mpaka ukafungwa. Waliofanikiwa kurudi walisema hawakumwona. Hakuna aliyesema amekufa, wala aliyesema yu hai. Basi Fatouma hakukaa eda, kwa sababu eda ni ya mjane, na yeye alikuwa mke wa mtu aliyechelewa. Maji ya mtaa yalipokatika, aliyabeba kwa bidoni za plastiki kutoka mbali, akajaza fonteni kwanza, chungu baadaye. Miaka ikaenda hivyo.

Mwaka vilima vya Isale, juu ya mji, vilipowaka vita, nyumba ya jirani ikajaa wakimbizi. Mmoja wao alikuwa Jovithe, mwanamke mkimya mwenye msalaba mdogo wa mti shingoni, na binti yake Orlane, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kukimbia. Orlane alizipenda sahani za fonteni. Alizigusa moja moja akizitaja majina ambayo yeye tu aliyajua.

Asubuhi moja Fatouma alikuwa amekaa kwenye kizingiti akichagua mchele. Fonteni ilikuwa karibu naye kiasi kwamba matone yaliufikia ungo. Hakusikia kilio wala kishindo. Waliomshtua ni njiwa: waliruka wote kwa pamoja kutoka ukingoni. Alipoinua macho aliona nyayo mbili ndogo zikielekea juu, zimetulia.

Mchele ulimwagika. Alimvuta mtoto kwa miguu, akamlaza kifudifudi juu ya goti, akampigapiga mgongo mpaka maji yakatoka, na baada ya maji, kilio. Fatouma hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile. Jovithe alikuja mbio, akampokea mtoto, akapiga magoti mchangani.

"Mungu akurudishie, mama Fatouma," alisema.

Hakulaumu. Laiti angelaumu. Kesho yake Fatouma alipotoka nje alimkuta Orlane amefungwa kiunoni kwa kitenge cha mama yake, ncha ya pili imefungwa kwenye nguzo ya mlango wa jirani. Mtoto alikwenda mpaka kitenge kikakaza, akanyoosha mkono kuelekea zile sahani, akarudi.

Fatouma alifunika fonteni kwa mbao. Hazikumaliza siku mbili, zikaibwa. Makaa yalikuwa adimu, na mbao ni kuni. Kitenge kikabaki pale pale.

Ijumaa alikuja Ilias, mdogo wake Massoudi, aliyeendelea na gereji. Alimtazama mtoto kwenye nguzo, akamtazama shemeji yake.

"Mutoto wa watu anafungwa kama mbuzi ya sikukuu," alisema. "Shemeji, tutoe haya maji."

"Apana. Nyinyi munaanza na maji, mutamaliza na eda."

"Mi siongei juu ya eda."

"Unaizunguka. Nakujua tangu ulikuwa unaiba sukari yangu."

Ilias akacheka kidogo, kisha akaacha. "Hii ni sadaka ya mama yetu. Siku mutoto akikufa hapa ndani, mama ataandikiwa nini kule?"

Fatouma aliingia ndani. Siku ile, baada ya sala ya alasiri, alibaki kwenye mkeka mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuomba Massoudi arudi. Aliomba aonyeshwe namna ya kushika neno la mtu bila kuua mtoto wa mtu.

Alionyeshwa mtoni. Alikuwa ameshuka Ntahangwa kufua, kiangazi, mto umekonda. Mahali fulani maji yalipita juu ya mawe, na watoto wadogo walikuwa wamekaa katikati ya mto wenyewe, maji hayajavuka vifundo vyao. Mto haukuwa umekauka. Ulikuwa umejaa mawe tu.

Alimwita Ilias aje na toroli.

"Mawe mangapi?" Ilias aliuliza.

"Mpaka nikuambie basi."

"Kesho utanituma nikuletee mlima wenyewe."

Jovithe alikuja kusaidia bila kuitwa. Wanawake wawili waliyapanga mawe birikani, makubwa chini, madogo juu, na kila jiwe lilipoingia maji yalipanda na kumwagikia miguu yao. Ilipofika adhuhuri birika lilikuwa limejaa, isipokuwa shimo moja, jembamba kama kisima, lililoshuka moja kwa moja hadi kwenye kiganja.

Jovithe alilitazama. "Ni la nini?"

"Alama ya mkono wake iko hapo chini."

Jovithe alifuta mikono kwenye gauni. "Bwana wangu nilimuzika mi mwenyewe, kule kilimani. Nilimufunika kwa mikono hii. Sijui huzuni ya nani ni nzito, yangu ao yako."

Fatouma alimtazama Orlane kwenye nguzo. Alikipima kile kichwa kidogo kwa macho, kisha akalipima shimo. Vilikuwa sawasawa.

Alikunja mkono wa gauni, akauingiza. Kidole juu ya kidole. Saruji ilikuwa baridi, na alikaa pale mpaka ikapata joto, au mpaka mkono wake ukawa baridi kama saruji, hakujua. Ilias aligeuka akajifanya anakagua gurudumu la toroli.

Kisha Fatouma alitoa mkono, akasema "Bismillahi," akajaza shimo jiwe kwa jiwe, akamalizia na moja bapa alilokuwa amelichagua mtoni bila kujiambia ni la nini.

"Basi," alimwambia Ilias.

Jovithe alikwenda kwenye nguzo, akafungua fundo, akajifunga kitenge chake kiunoni.

Alfajiri iliyofuata Fatouma alipiga magoti mahali pake. Bomba la shaba lilikuwa likirusha maji kama siku zote, na maji yalifika kwenye ukingo, kama alivyoagizwa. Aliweka kiganja juu ya jiwe bapa. Yalimfunika vidole tu.

"Ee Mola, popote alipo," alisema, "mfunike."

Alikuwa amekunja mkono wa gauni kwa mazoea. Akaukunjua taratibu, mkavu, kisha akaanza kuukunja tena kwa ajili ya udhu.